Mkate Uliorudi Homa Bay

Mabera, Migori
4 Machi 2024

Kwa Karani,
Kanisa la Ushirika wa Agano, Ofisi ya Jimbo, Homa Bay

Salamu katika Bwana.

Nimeambiwa ofisi haipokei maombi kwa simu, na kwamba kila jambo liandikwe na kutiwa sahihi. Basi naandika. Mimi ni Bhoke Marwa. Naandika kwa ajili ya Mama Weigesa, mshirika wenu wa hapa Mabera tangu kanisa lilipokuwa la nyasi. Ana ugonjwa wa tumbo. Hospitali wamesema tukae naye nyumbani, na nadhani unajua hospitali wakisema hivyo maana yake nini.

Miaka kumi na miwili hajala Meza ya Bwana. Alizuiwa kwa sababu yangu. Mume wake alikufa bila kupata mtoto naye, na kwetu Wakuria mwanamke kama huyo anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, ili nyumba yake ipate watoto. Tunaiita nyumba ntobhu. Mimi ndiye niliyeolewa. Nina watoto watatu na wote ni wajukuu zake.

Hakuondoka kanisani. Kila Jumapili anaketi benchi la nyuma. Sahani ya mkate ikipita anafumba macho.

Naomba Mchungaji aje ampe kabla hajafa. Yeye hajui kuwa naandika.

Bhoke Marwa

*

Homa Bay
11 Machi 2024

Kwa Bi Bhoke Marwa,

Ofisi imepokea barua yako. Pole kwa ugonjwa wa mama.

Naomba radhi mapema kwa maswali yanayofuata. Siyaulizi kwa kutaka kujua mambo ya nyumba yako, ila Mchungaji wa Jimbo, Mchungaji Zadock, atayauliza, na nisipokuwa na majibu faili litarudi chini ya mengine. Kwanza: je, unaishi katika boma moja na Mama Weigesa? Pili: baba wa watoto ni nani? Tatu, na hili nimeliandika na kulifuta mara kadhaa: huo uhusiano ni wa namna gani? Mimi ni mtu wa Kendu Bay na kwetu Waluo hatuna desturi hiyo. Nisipoieleza sawasawa mbele ya kamati, watu wataielewa vibaya.

Tafadhali jibu kwa maandishi. Usipige simu ya ofisi, kwa kuwa iko mezani pa katibu na kila mtu anasikia.

Wako katika huduma,
Levis Onditi
Karani, Ofisi ya Jimbo

*

Mabera
15 Machi 2024

Ndugu Karani,

Unaandika kama mtu anayevuka mto huku ameshika suruali isilowe. Lakini umeuliza kwa adabu, nami nitajibu.

Tunaishi boma moja. Hatushiriki kitanda, kama ndilo ulilokuwa unalifuta. Tunashiriki jiko na watoto. Kwa hesabu ya nyumba yetu, baba wa watoto ni mwana ambaye Mama Weigesa hakumzaa. Mimi ni mke wa huyo mwana. Mwanamume aliyenipa mimba ana boma lake kwingine na hadai kitu. Najua kwa kamati hilo halikai vizuri. Kwetu linakaa. Mama angekufa bila mtu wa kumfukia, na jina la nyumba lingefutika.

Nilikuja hapa nikiwa msichana ambaye hata ugali haukumwivia. Aliniita binti siku ya kwanza na hajawahi kugeuza. Nilipojifungua Ryoba nilitoka damu nyingi, na yeye, akiwa mtu mzima hivyo, alinibeba mgongoni hadi barabarani. Sasa mimi ndiye ninayembeba kumpeleka kuoga. Amekuwa mwepesi. Juzi akaniambia, "Bhoke, siku hizi unanibeba kama kuni za jirani, bila heshima." Tukacheka mpaka Jedidah, jirani yetu, akaja kuchungulia kwani kuna nini.

Tumbo lake halishiki chakula. Anakunywa uji kidogo, anautapika. Jana alisema kile kipande cha kanisani ni kidogo sana, labda kile tumbo lingekikubali. Alisema kama mzaha, kisha akageukia ukutani.

Mwambie Mchungaji afanye haraka.

Bhoke

*

Homa Bay
22 Machi 2024

Mama Ryoba,

Natumaini hutachukia nikikuita hivyo.

Niliwasilisha ombi lako Jumanne. Nilisimama, nikaeleza kuhusu mwana ambaye hakuzaliwa, kama ulivyoniandikia. Mzee mmoja alicheka. Mchungaji Zadock hakucheka. Yeye si mtu mkali, na ningependa ulijue hilo. Alisema moyo wake uko na mama, lakini Kanuni ya Ndoa haimpi mlango, na akiuvunja ukuta kwa mmoja, kesho atawaambia nini wengine ambao amewazuia? Nilikaa chini. Sijazoea kusimama mbele ya wazee, na kazi hii nimeipata baada ya kukaa nyumbani muda mrefu na shahada yangu.

Lakini baadaye nilisoma kanuni zote, na nadhani nimepata njia. Kuna kifungu kinachosema mshirika aliye katika ndoa isiyotambuliwa atarudishwa Mezani endapo wahusika wametengana makazi, na wazee wawili wa kanisa lake wakathibitisha. Hakisemi watengane kwa muda gani. Unaona? Ukihama kwa majuma machache tu, wazee wakaandika, Mchungaji atakuja bila kuvunja kanuni yoyote. Baada ya hapo kifungu hakimkatazi mtu kumtembelea mgonjwa. Ni jambo la karatasi tu.

Tafadhali barua hii usimwonyeshe mtu. Karani haruhusiwi kushauri.

Levis Onditi

*

Mabera
28 Machi 2024

Levis,

Asante. Nitafanya.

Lakini usidanganyike kwamba ni karatasi. Kwetu mtu hatoki kwa karatasi. Nikitoka mbele ya wazee wawili nimetoka. Watoto ni wa nyumba ambayo ng'ombe wake walitolewa, kwa hiyo Ryoba na mdogo wake watabaki. Nitaondoka na huyu wa kifuani peke yake, kwa kuwa bado ananyonya. Na nikitaka kurudi, ni wazee wa ukoo watakaoamua kama napokelewa au la. Jedidah ameahidi kumtunza Mama na watoto. Nitakaa kwa dada yangu Robi pale Sirari, ng'ambo ya mpaka. Simu nawaachia nyumbani.

Mama hawezi kuambiwa sababu. Akiijua atasema mkate ubaki Homa Bay. Kwa hiyo nitamwambia nimepata mwanamume Sirari. Ataumia, lakini atakula.

Nawe uniahidi kwamba utanyamaza mpaka awe amekula. Hilo tu.

Naondoka Jumatatu ya Pasaka. Niandikie kwenye duka la Robi, karibu na stendi. Kijana wa boda anayeleta barua hii anajua.

Bhoke

*

Homa Bay
5 Aprili 2024

Mama Ryoba,

Barua yako ilinifikia baada ya sikukuu, na pamoja nayo mezani kulikuwa na barua ya wazee wawili wa Mabera, kwamba umetoka. Nilikuwa nimeanza kukuandikia usiondoke. Karatasi hiyo nimeichana.

Sikujua kuhusu watoto. Naapa sikujua. Nilidhani mtu akihama anahama na watoto wake, kama ilivyo kwetu mama akirudi kwao kwa hasira, kisha watu wakizungumza anarudi. Nilikuwa najivunia kifungu changu. Nilifurahi hata nikanunua soda.

Mchungaji amesoma barua ya wazee na amefurahi. Ameweka tarehe ishirini Aprili. Nitaandamana naye kubeba sanduku la vyombo na kuandika taarifa. Alinipiga bega akasema, "Unaona, Levis, kanuni zikifuatwa Mungu hufungua." Ningeweza kumwambia pale pale. Nilimtazama, nikaenda kusugua vyombo vya sandukuni.

Nitatimiza ahadi. Nisamehe kama hilo nalo ni kosa.

Levis

*

Sirari
10 Aprili 2024

Levis,

Usijilaumu sana. Kifungu ulikitafuta kwa sababu ulitaka ale, na mimi nilikwenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nikueleze nilivyotoka, maana hapa sina wa kumweleza. Robi anadhani nimefukuzwa. Wazee walisimama uani, hawakutaka kuingia. Nilimwambia Mama kuna mwanamume, ana duka, amenitaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Aliniuliza kama huyo mtu anakunywa, nikasema hanywi. Kisha akavuta blanketi miguuni pake, lile la kijani, akasema, "Mfunike mtoto. Sirari asubuhi kuna baridi."

Nilichukua. Ningelikataa, angejua.

Ryoba alinifuata mpaka kwenye mto, akauliza nitarudi lini. Nikamwambia achunge kuku.

Ukifika naomba unitazamie mambo. Je, miguu yake imepakwa mafuta? Inapasuka akikosa. Jedidah anamgeuza ubavu? Na anakunywa uji wa wimbi, si wa mahindi. Wa mahindi haumkubali.

Halafu uniandikie jinsi alivyokula. Uniandikie yote, hata alivyofumba macho.

Bhoke

*

Homa Bay
20 Aprili 2024, jioni

Mama Ryoba,

Rudi. Usisome mpaka mwisho kwanza. Panga vitu, ndipo usome.

Tulifika kabla ya saa sita. Miguu ilikuwa imepakwa mafuta. Uji ulikuwa wa wimbi. Watoto ni wazima. Mama Weigesa alikuwa ameketishwa juu ya mito, kitambaa cheupe kichwani. Jedidah na wale wazee wawili walisimama karibu na mlango.

Mchungaji alisali vizuri. Ana sauti nzuri kwa mgonjwa, haipandi. Akamega mkate, akauweka kiganjani mwa mama. Mama akautazama muda. Kisha akaukunja ndani ya upindo wa leso, polepole, kama mtu anayeweka nauli.

Mchungaji akasema kwa upole, "Mama, unaliwa sasa. Hauwekwi."

Akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Nitakula na mwenzangu. Amekwenda Sirari, atarudi."

"Mwenzako ametoka, mama. Ndiyo maana tumekuja."

Sidhani alisema kwa ubaya. Kwake ilikuwa habari njema. Lakini mama aliinua kichwa. "Ametoka, ndiyo mkaja?" Akazungusha macho chumbani, yakaja kunitulia mimi, niliyekuwa nimekumbatia sanduku. "Wewe kijana. Yeye alijua?"

Nilikuwa nimekuahidi. Na Mchungaji alikuwa ananitazama. Sijawahi kuogopa kama pale, na mimi ni mtu ninayeogopa hata simu ikilia. Nikasema, "Alijua, mama. Aliomba yeye. Alitoka ili upewe."

"Kwa hivyo hakuna mwanamume?"

"Hakuna."

Akacheka. Kicheko kilimuumiza, akashika tumbo, lakini aliendelea. "Nilisema mimi. Bhoke hajui uongo. Alikuwa ananieleza habari za huyo mume huku anatazama jiko."

Kisha akafungua upindo, akatoa kile kipande, akakinyoosha kwa Mchungaji. Alingoja mpaka kikapokelewa. "Chukua, baba. Mkate huu umenitolea mtu nyumbani. Siwezi kuumeza." Hakusema kwa hasira. Alimwita baba. Mchungaji alikishika kile kipande kama asiyejua kinakaa wapi. Mwishowe alikirudisha sandukuni, na mimi ndiye niliyefunga kifuniko.

Tulipokuwa tunatoka alinivuta shati. "Mwambie aje. Na blanketi arudi nalo."

Njiani Mchungaji alisimamisha gari Rongo. Pale akauliza, "Levis, kama ungeniambia mapema, ningefanyaje?" Nilidhani ananikemea. Nilipomtazama nikaona anauliza kweli.

Sikutimiza ahadi yangu. Na hakula. Vyote viwili viko juu yangu. Lakini rudi. Anapumua kwa shida.

Levis

*

Mabera
2 Mei 2024

Levis,

Barua yako ilifika dukani Jumatatu asubuhi. Nilifanya kama ulivyosema. Nilifunga vitu kwanza, ila nilivifunga vibaya, na nusu niliviacha kwa Robi. Blanketi sikuliacha.

Nilimkuta hai. Sauti ilikuwa imekwisha. Ryoba aliniona kutoka mbali akakimbia, lakini hakuja kwangu. Alikimbilia ndani kumwambia. Nilipoingia Mama alikuwa tayari anatazama mlango. Nilimfunika miguu. Akalishika pindo la blanketi akalivuta mpaka kidevuni, kisha akanitazama kwa yale macho yake ya kunigombeza.

Jioni nilipika uji wa wimbi, mwepesi sana. Jedidah alisema nisimsumbue, hamezi tena. Nikampa kijiko kimoja. Akakiweka mdomoni muda mrefu, akakimeza. Kijiko cha pili akafumba mdomo. Nilidhani amekataa. Akaushika mkono wangu, mkono wenye kijiko, akausukuma polepole mpaka kwenye mdomo wangu mwenyewe. Nikanywa. Akafumba macho. Uji haukurudi. Ulikaa tumboni mwake usiku wote.

Sina mkate wa kukuandikia habari zake, Levis. Nilikuomba uniandikie jinsi alivyokula, sasa ni mimi ninayekuandikia.

Alikufa Alhamisi.

Wazee wa kanisa walisema hawawezi kumzika, kwa kuwa nilikuwa nimerudi. Nikasema sawa. Tulichimba wenyewe. Akina mama wa kanisa wamekatazwa kuvaa sare kwenye maziko ya namna hii, basi walikuja na leso za nyumbani, kila mtu na rangi yake, Jedidah mbele, wakaimba nyimbo zote alizozipenda, na nyingine ambazo hakuzipenda, mpaka nikawaambia wimbo mmoja wauache, Mama alikuwa anasema unachosha. Karibu na ua alisimama mwanamume mnene, shati la kawaida, bila ile kola ya wachungaji. Wakati wa kufukia alichukua jembe kutoka kwa Ryoba, akafukia hadi jasho likamlowesha mgongo. Kisha akaenda zake. Nadhani unamjua.

Wazee wa ukoo wamekaa mara mbili kujadili habari yangu. Wengine wanasema mke aliyetoka ametoka. Bado hawajaamua. Mimi napika kwenye jiko lake na nangoja.

Bhoke

*

Homa Bay
13 Mei 2024

Mama Ryoba,

Nimesoma barua yako ofisini, kisha nikaenda kuisoma tena ufukweni, ambako hakuna anayeniuliza macho yana nini. Pole. Sijui neno jingine.

Ulisema uji ulikaa. Nimelishika hilo.

Wale wazee wawili wa Mabera waliandika taarifa ya ziara kabla yangu. Kamati iliniita. Nilikubali kwamba nilishauri, na kwamba nilijua. Nimewekwa chini ya nidhamu, yaani miezi sita siruhusiwi Mezani, na kazi naiacha mwisho wa mwezi huu. Nimemwambia mama yangu. Alilia, kisha akauliza huyo mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza kuhusu kuni za jirani, akacheka huku analia.

Mchungaji Zadock hakupiga kura. Tangu Mabera halali vizuri, mkewe aliniambia. Amekwenda nyumbani na kitabu cha kanuni na hajakirudisha, na katibu anaogopa kumwuliza.

Nitakuandikia barua kwa wazee wa ukoo wako, ukikubali. Si ya ofisi. Nitaeleza tu nilichokiona, kwamba mama mwenyewe alikuita urudi, tena mbele ya watu. Nitatia sahihi yangu na nitaileta kwa mkono wangu, waniulize maswali wakitaka. Naogopa, lakini nitakuja.

Jana ilikuwa Jumapili ya Meza. Niliketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Kumbe kutoka kule huoni sahani ikianza, unaona tu migongo ya watu ikiinama, safu baada ya safu, ikija kwako. Mzee aliyeibeba tunajuana. Alikuwa akinipa salamu kila asubuhi. Alipofika kwangu aliangalia pembeni na kupita. Nilikuwa nimeazimia kumtazama. Nilishindwa. Nilifumba macho, na nikajikuta natafuna, mdomo mtupu, kama mtu mzima asiye na meno. Mtoto aliyekuwa mbele yangu akageuka kunishangaa.

Niambie siku. Nikija usichinje kuku wa Ryoba. Mkiwa na uji wa wimbi, nitakunywa huo.

Levis